Inchi Sita za Kiuno cha Dada

Sitaki mtu aniambie nimenawiri. Nimeshawagombeza wateja wangu kwa sababu ya neno hilo, na mmoja alichukua kitambaa chake bila kushonewa, akasema nina kisirani. Ni kweli ninacho. Dada yangu ana mguu mmoja. Huo uliobaki ndio tunaoupigania mpaka leo, na neno hilo la "umenawiri" limo katika mambo yaliyoula ule mwingine. Mimi mwenyewe nimo pia. Nitafika huko, msiniharakishe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Musoma. Nina chumba karibu na soko, vyerehani viwili, meza ya kukatia, na futi inaning'inia shingoni tangu nafungua mpaka nafunga. Watu wa mji huu nawajua kwa inchi. Nani amejifungua, nani ameachwa, nani amepata kazi ya ofisini akaanza kukaa, futi inaniambia kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Mwanamke akija na kitenge chake, jambo la kwanza ni, "Fundi, niachie kitambaa ndani, nitanenepa." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimwachie kwa kuwa atapungua. Basi naachia inchi mbili kila upande, nazikunjia ndani ya mshono, zinasubiri humo.

Dada ananizidi miaka minane. Amenibeba mgongoni kule Butiama, upande wa Mwitongo, ambako kaka zetu watatu wana miji yao, maboma yao, hadi sasa. Tulilima kwa jembe la mkono, mihogo, mtama na ulezi. Tuliteka maji mbali. Jioni tulikula ugali wa mtu aliyetoka shambani, matonge makubwa, na dagaa au maziwa ya mgando. Chakula kilikuwa kinaingia na kazi inakitoa, na sote tulikuwa wembamba bila kujua kwamba ni wembamba.

Akaolewa Bunda, mtaa wa Nyasura. Shemeji ana duka la nafaka na mafuta ya kula, mtu mpole, si mtu wa maneno. Dada akaingia dukani. Jembe lilibaki Butiama lakini sahani akaenda nayo, ileile, na juu yake ikaongezeka chapati ya asubuhi, chai ya vijiko vinne vya sukari, na soda. Soda! Kila mgeni anafunguliwa moja, na mwenyeji naye anafungua yake, kwa sababu kumwacha mgeni anywe peke yake ni kukosa adabu. Kwa siku wanakuja wageni wangapi kwenye duka la njiani? Maji, bomba liko uani. Kanisani anakwenda na bodaboda. Anakaa kwenye kiti cha plastiki toka kufungua hadi kufunga.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema wanene ni walafi, damu inanichemka. Dada hakuwa mlafi siku hata moja. Alikuwa mwanamke wa shamba aliyeondolewa shamba, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba mwili nao unatakiwa kuambiwa kuwa shamba limekwisha.

Halafu kuna desturi yetu. Kwetu mwili wa binti aliyeolewa ndiyo habari ya ndoa yake. Hatuulizi unaishije na mwenzio. Akija nyumbani kwenye msiba au kipaimara cha mtoto, mama wa kwanza kumpokea anamshika mkono juu ya kiwiko, anaminya nyama, kisha anawageukia wenzake na kusema, "Huyu anatunzwa." Wamemaliza. Mkono ukijaa, mume anapewa kiti kizuri. Mkono ukilegea, minong'ono inaanza: hapewi chakula, au anapigwa, au ana ule ugonjwa. Dada kila akija alikuwa anaminywa na kusifiwa, na shemeji anavimba kichwa utadhani yeye ndiye aliyeiotesha ile nyama.

Gauni lake la Krismasi nashonaga mimi kila mwaka. Daftari ninalo. Siku ya kuolewa kiuno kilikuwa inchi thelathini. Kikaja thelathini na nne, thelathini na nane, arobaini na moja. Kila nilipopima aliniuliza, "Vipi, nimeongezeka?" na kila mara nilimjibu, "Kidogo tu, dada, umenawiri." Nikafumua mshono wa mwaka jana, nikaachia kitambaa, nikafunga. Nilijiona fundi mwenye akili kwa sababu nilikuwa nimeshakiweka tayari.

Kilipofika arobaini na sita, niliona mengine. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa imefanya weusi mnene, kama uchafu uliogoma kutoka. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia asugue na limau. Akasugua mpaka akajichubua, maskini, na weusi haukutoka. Akilala mchana kwenye kochi langu alikuwa anakoroma, ghafla anakata, kimya, kisha anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyezama akaibuka. Nilicheka. Nilimwigiza mbele ya wateja, nao wakacheka. Magoti yalikuwa yanamuuma, kiu haimwishi, chooni haishi kwenda. Nilidhani ni utu uzima.

Alikwenda kupima mara ya kwanza, akapanda kwenye mzani, na muuguzi mmoja akasema kwa sauti, "Mama, shuka, utatuvunjia mzani." Benchi zima likaangua kicheko. Dada naye akacheka, maana angefanyaje? Akachukua mkoba wake akaenda nyumbani, na kwa mwaka mzima hakukanyaga mahali popote penye mtu aliyevaa nguo nyeupe. Mwaka mzima, kwa neno la mtu mmoja. Huyo muuguzi simjui, na heri nisimjue.

Mwaka ulipoisha, kizunguzungu kilimwangusha dukani kati ya magunia, akaenda kituo kingine. Huko alimkuta daktari mwanamke, mtaratibu, aliyefunga mlango kwanza ndipo akamweleza. Haya aliniambia baadaye sana. Alimwambia kwamba mafuta yanayojaa tumboni hayakai tu kama mzigo. Yanaubana mwili usiweze kuitumia sukari yake, sukari inabaki kwenye damu, na pole pole inaharibu mishipa: ya macho, ya figo, ya moyo, ya miguu. Kwamba presha inapanda kwa sababu moyo unasukuma damu kwenye mwili mkubwa kuliko uliozoea. Kwamba ule weusi wa shingoni haukuwa uchafu, na ule mkoromo haukuwa kichekesho. Kisha akamchorea sahani kwenye karatasi: nusu mboga za majani, robo ugali, robo samaki au maharage. Akampa vidonge. Akamwambia atembee kila siku, na soda aiache kabisa.

Dada akafanya. Bila kumwambia mtu, hata mumewe alimwambia tu kwamba anataka kupunguza mwili. Kile kicheko cha kwenye mzani kilikuwa bado kinamlia masikioni, akataka kwanza aone kama anaweza. Asubuhi anajifunga khanga, anavaa raba, anatembea kutoka Nyasura anaelekea upande wa barabara kuu na kurudi, kabla ya kufungua duka. Mgeni akija anamfungulia soda, yeye anajimiminia maji. Miezi ikapita. Magoti yakaacha kulia, usingizi ukawa usingizi. Aliniambia siku moja aliinama kufunga kamba za raba na ndipo akagundua kwamba ameinama.

Ndipo kaka wa pili akapata harusi ya mwanawe, kule Nyamuswa, na dada akaja Musoma nimshonee sare.

Nilipitisha futi kiunoni, nikakutanisha ncha, nikasoma. Arobaini. Nikasoma tena. Inchi sita zimekwenda! Nikamtazama usoni, mashavu yamepungua, shingo imetokeza mishipa.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Nakulaga mboga tu siku hizi," akacheka. "Na natembea. Uniachie ndani kidogo tu safari hii."

Hebu fikiria. Amenieleza. Amenipa jibu kwa kinywa chake, amesimama mbele yangu ana nuru machoni ambayo sikuwa nimeiona miaka kumi. Nami nikaandika namba, nikafunga daftari, nikasema, "Haya, sare itakuwa tayari Alhamisi," wala sikumwamini. Katika mji huu nimeshona nguo za watu waliopungua, nikawapunguzia, nikawapunguzia tena, kisha nikaenda kwenye mazishi yao. Kichwani kwangu kulikuwa na mambo mawili tu: ule ugonjwa, au shemeji amepata mwanamke mwingine na nyumbani hapaliki.

Sikusubiri. Dada alikuwa bado hajafika stendi nikawa nimeshampigia kaka mkubwa kule Butiama. Nilimwambia, "Kaka, dada amekwisha. Njooni mumwone kabla hajatufia." Hayo ndiyo maneno yangu. Simu ile niliipiga mimi.

Walifika Nyasura Jumamosi, kaka wote watatu, makoti yamepigwa pasi, fimbo mkononi. Nilipofika kutoka Musoma walikuwa wameshakaa sebuleni. Kaka mkubwa hana salamu ndefu. Alimwambia shemeji, "Mura, kijana wetu, ng'ombe wako wa mahari kule kwetu wamenenepa. Dada yetu huku kwako amekonda. Hebu tueleze, chakula kinaishiaga wapi?"

Shemeji alitazama zulia. Mwanamume mwenye adabu kwetu habishani na kaka wa mkewe, hata akionewa. Dada ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni.

"Kaka, nina kisukari. Na presha imepanda. Daktari kaniambia nipunguze mwili, ndiyo ninapunguza. Hakuna aliyenionea."

"Kisukari ni cha watu wanene," kaka akasema. "Wewe umekonda. Sasa kisukari gani hicho?"

Watu wakaguna kukubali. Nami nikaguna nao. Dada akaingia chumbani, akarudi na karatasi ya kipimo cha ule ugonjwa, akampa kaka wa pili. Alikuwa ameshapima na hana. Kaka akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma, akairudisha. "Vizuri. Basi kama haumwi, ale."

Yaani ndivyo walivyoamua. Watu wazima watatu wenye akili zao, wanaojua ng'ombe gani ana homa kwa kumwangalia tu masikio, wakaamua kwamba dawa ya dada ni ugali. Shemeji alikuwa amechinja mbuzi tangu asubuhi, kwa aibu tu, ili isisemwe kwamba nyumba yake haina chakula. Kreti la soda lilikuwa limewekwa kati ya viti likionekana vizuri. Na aliyeitwa kumpakulia dada, mbele ya kaka zake, nilikuwa mimi.

Nilimpakulia. Nilimjengea ugali mpaka ukazidi ukingo wa sahani, nikapanga nyama juu, yenye mafuta, nikamwagia mchuzi. Nilikuwa na huruma moyoni, niamini. Dada akaitazama sahani, akanitazama mimi. Kisha akanawa. Tulikaa tunamwangalia akila, tonge kwa tonge, watu watano tunamlinda mtu mzima wa miaka hamsini na kitu asiache kitu. Soda alifunguliwa na kaka wa tatu kwa meno. Sahani ilipobaki nyeupe kaka mkubwa akasema, "Sasa hapo tumekuona," na wote tukacheka kwa furaha.

Yaliyofuata hayakuhitaji kikao. Wiki ileile shemeji akamwambia, "Mke wangu, hizo safari za asubuhi ziache. Watu wanasema nimekufukuza, unazunguka kutafuta pa kwenda. Unanivua nguo." Akamtafutia bodaboda wa kudumu. Jirani mmoja anayeuza nyanya alisimama dukani akamwambia kwamba sasa anafanana na mtu. Dada akarudisha kiti cha plastiki mahali pake. Vidonge alimeza siku anazokumbuka. Krismasi ile nikampima, arobaini na nane, nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikamwambia, "Dada, umenawiri!" Nilikuwa nasukuma cherehani huku naimba pambio.

Sasa mguu. Ulianza na viatu vya sikukuu, vyeusi, vyembamba mbele. Vilimchubua kidole kidogo cha mguu wa kulia na hakusikia. Hilo ndilo linalonitia wazimu, hakusikia chochote. Aliona damu kwenye soksi jioni, akashangaa imetoka wapi. Sukari ilikuwa imeshaua mishipa ya fahamu ya unyayo, na damu ya kuponya kidonda ilikuwa haifiki vizuri. Mtu akamletea unga wa dawa ya miti shamba, akaunyunyizia, akafunga kitambaa, akaendelea kuuza unga na mafuta. Kidole kikawa cheusi. Wiki zikapita. Shemeji ndiye aliyesikia harufu kwanza, akidhani ni panya aliyekufa nyuma ya magunia, akahamisha magunia yote kumtafuta panya.

Tulipomfikisha hospitali, uozo ulikuwa umepanda hadi juu ya kifundo. Waliukata mguu chini kidogo ya goti.

Nilimvizia daktari kwenye korido. Nikamuuliza, "Kama angeendelea vile alivyokuwa anaendelea, akila mboga, akitembea, uzito ukishuka?" Alinitazama, nadhani alijua swali langu lina mtu ndani yake. Akasema hawezi kuniapia kwamba mguu ungebaki, ugonjwa huu una mambo yake, lakini mtu aliyepunguza uzito ule, sukari yake ikatulia, anakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuponya kidonda kidogo kama kile. "Alikuwa kwenye njia nzuri," akasema. "Nani alimtoa?"

Nikamwambia sijui.

Nikarudi wodini, nikakaa pembeni ya kitanda. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Dada alinitazama kana kwamba ananingoja. Nilikuwa na mdomo, nikautumia kusali rozari. Nilisali yote, na litania juu yake, ili nisipate nafasi ya kuongea.

Kaka nao walikuja. Kaka mkubwa akasimama mlangoni mwa wodi akatikisa kichwa, akasema huo ni mkono wa mtu, kuna mtu ameuonea wivu mwili wa dada. Shemeji akainamisha kichwa. Yeye tangu kikao kile aliamini kwamba aliyepeleka maneno Butiama ni yule jirani wa nyanya, na alikuwa ameshaacha kumsalimia. Mama wa watu, kosa lake ni kusema dada anafanana na mtu. Nami nikaliacha liwe hivyo, kwa miaka miwili.

Dada alipata mguu wa bandia na gongo. Na alipotoka tu hospitali, ile karatasi ya sahani aliitoa alikoificha, akaibandika ukutani jikoni. Safari hii alimwambia shemeji kila kitu, na shemeji, baada ya kuhamisha magunia kutafuta panya, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Yeye mwenyewe ndiye aliyeacha soda nyumba nzima. Dada anatembea na gongo hadi kona na kurudi, akichoka anakaa na kunyanyua vidumu vya maji kwa mikono. Kila jioni shemeji anamkagua huo mguu wa kushoto, kidole kimoja kimoja, amevaa miwani ya kusomea. Mwili ukaanza kushuka tena.

Na watu wakaanza tena. Jamani, hatujifunzi? Safari hii simu sikupiga mimi, sijui alipiga nani, lakini kaka mkubwa akatuita wote Mwitongo, mchana wa Jumapili baada ya misa. Alikuwa na maneno tayari. Dada yao amekatwa mguu na sasa anakonda, kwa hiyo huyu mwanamume ameshindwa. Dada arudi nyumbani, wake zao wamtunze mpaka mwili urudi. Alisema hivyo mbele ya shemeji, mbele ya watoto wa ukoo, na dada amekaa pale kwenye kiti, gongo limeegemea ukuta, mama mmoja ameshaminya mkono wake na kusonya.

Chakula kikaletwa. Wifi yangu, mke wa kaka mkubwa, akaniwekea mwiko mkononi. "Mpakulie dadako," akasema. "Wewe ndiye unamjuaga."

Nilisimama na ule mwiko. Ugali wa muhogo ulikuwa unatoa mvuke. Nikaiona sahani ya Nyasura, yote, na macho yake.

"Simpakulii!" nikapiga kelele. "Mnataka kumuua? Mguu mmoja hauwatoshi? Ule mguu hakuuchukua mchawi, tuliula sisi! Tuliula na mbuzi, tukashushia na soda! Kaka, ulisema sasa tumekuona. Hukuona kitu! Hatukuona kitu hata mmoja wetu!"

"Wewe," kaka mkubwa akainuka, "unaongea na nani hivyo?"

"Naongea na wewe. Nani alikupigia simu ile mara ya kwanza? Waambie!" Nikamgeukia shemeji. "Si jirani wa nyanya, shemeji. Ni mimi. Nilimpima, nikakuta inchi sita zimepungua, nikampigia kaka. Dada aliniambia anatembea na anakula mboga, nikamwona mwongo. Mimi ndiye niliyewaleta, na mimi ndiye niliyempakulia."

Shemeji alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. Nilimgeukia dada. Nilitegemea alie, au anitukane, nilikuwa nalitaka tusi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Uliandika namba, ukafunga daftari, ukaanza kutafuta mkasi uliokuwa mkononi mwako. Nikajua. Hata stendi sijafika nikajua." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mteja bei ya unga. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Waliponikata mguu nilidhani utasema. Ukasali."

Nilitamani ardhi inimeze na haikunimeza.

"Futi unayo?" akaniuliza.

Ninayo siku zote, hata Jumapili iko kwenye mkoba. Akashika gongo lake, akasimama katikati ya uwanja wa kaka, mbele ya wote, akainua mikono kidogo. "Nipime. Na useme kwa sauti, wasikie. Usiseme kidogo tu."

Nikapitisha futi kiunoni mwake. Nikaisoma mara mbili. "Arobaini na mbili," nikasema.

"Mmesikia," akawaambia kaka zake. "Ilikuwa arobaini na nane nilipokatwa. Naitaka irudi arobaini, mguu huu nife nao. Mwenye kutaka kunirudisha nyumbani aje anibebe sasa hivi." Kaka wa pili akatazama fimbo yake. Kaka mkubwa alikaa chini, akavuta sahani yake, akaanza kula kwa hasira. Hakuomba radhi siku hiyo, na mpaka leo hajaomba.

Dada akanawa, akajipakulia mwenyewe. Mboga nusu, ugali kipande cha ukubwa wa ngumi, kipande cha sato. Akala polepole, na hakuna aliyethubutu kumwangalia.

Wiki iliyofuata akanitumia kitenge kwa mtu wa basi, bila salamu, bila maelezo, namba ya kiuno tu kwenye karatasi. Nilikitandika mezani, nikachora, nikachukua mkasi. Kwa mara ya kwanza tangu niwe fundi nilikata gauni bila kuacha kitambaa ndani.